RAM ya GB 8 imeingia kwenye sloti lakini kompyuta haiwaki: kosa liko wapi?

Swali: Nina kompyuta ya mezani ya zamani kidogo. Prosesa ni Core i3-2120, bodi mama ni ya chipseti H61 yenye sloti mbili za RAM, na ndani mna vijiti viwili vya GB 2. Windows 10 iliyomo ni ya biti 32. Nikifungua kivinjari chenye tabo kumi hivi pamoja na Excel, mashine inaganda. Nimenunua kijiti kimoja cha GB 8 kilichotumika, kimeandikwa 8GB 2Rx4 PC3L-12800R-11. Kimeingia bila shida, lakini nikiwasha feni zinazunguka, skrini inabaki nyeusi na kuna mlio mrefu unaojirudia. Nikirudisha vijiti vya zamani inawaka kama kawaida. Nimeuziwa kijiti kibovu, au bodi yangu haikubali GB 8?

Jibu: Yaelekea kijiti ni kizima kabisa, na bodi za H61 zinabeba GB 8 kwa kila sloti, yaani GB 16 kwa jumla. Kilichokukwamisha ni herufi moja tu, ile R iliyofuata 12800. Hicho ni kijiti cha seva. Kirudishe ulikokinunua ukabadilishiwe, wala usipoteze muda kukisafisha au kubadili mipangilio ya BIOS (programu ya bodi mama inayoiwasha mashine), kwa sababu hakitawaka kwenye mashine hiyo hata ufanye nini.

Kabla hujaenda kubadilisha, jua pia kwamba una kikwazo cha pili. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, na katika hizo sehemu huliwa na anwani za vifaa vingine, ndiyo maana kwa kawaida unaona GB 3.2 hadi 3.5 tu zinazotumika. Ungeweka kijiti sahihi cha GB 8 leo, kesho ungeandika tena kuuliza GB nyingine zimekwenda wapi.

Tuanze na lebo, maana ndiyo inayowaponza wengi. Watu hutazama "8GB" na "DDR3" (kizazi cha RAM) wakaridhika, kumbe yaliyobaki ndiyo yanayoamua. Yako inasomeka hivi. 2R ni safu mbili za chipu, ambazo mafundi huziita ranki. x4 ni upana wa kila chipu, biti 4. PC3 ni DDR3. L ni volti ndogo, yaani 1.35 badala ya 1.5. 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde. Gawa kwa 8 upate 1600, ndiyo kasi inayotajwa madukani. R ni rejista. 11 ya mwisho ni idadi ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kuanza kutoa data iliyoombwa.

Rejista ni chipu ya ziada inayokaa katikati ya kijiti. Kwenye RAM ya kawaida, amri na anwani zinatoka kwenye prosesa na kufika moja kwa moja kwa kila chipu. Kwenye RAM ya seva zinapokelewa kwanza na rejista, zinashikiliwa kidogo, halafu ndiyo zinagawiwa. Seva hupenda mpangilio huu kwa sababu inaweza kubeba vijiti vingi bila kumwelemea msimamizi wa kumbukumbu, yaani sehemu ya prosesa inayoongoza RAM. Lakini msimamizi wa kumbukumbu aliyemo ndani ya i3-2120 hakutengenezwa kusema na rejista, kwa hiyo mashine ikiwaka inaita RAM, haipati jibu inalolitambua, inaanza kulia. Kinachochanganya ni kwamba pini ni 240 zilezile na pengo lililo kati ya pini liko mahali palepale, hivyo kijiti kinaingia vizuri kana kwamba ni chake.

Hata kama lebo imebanduka unaweza kukitambua. Hesabu chipu nyeusi za pande zote mbili. RAM ya kawaida ya mezani ina 8 au 16. Chako, kwa kuwa ni 2Rx4, kitakuwa na 36, na katikati kuna ile rejista ambayo umbo lake ni tofauti na wenzake. Hesabu inayogawanyika kwa 9, yaani 9, 18 au 36, inakwambia kijiti kina chipu za kusahihisha makosa, na hicho si cha mashine yako. Namba ya kiwandani nayo inasema: vijiti vya Samsung vinavyoanza na M378 ni vya mezani, M393 ni vya seva vyenye rejista, M471 ni vya laptopu. Vya Kingston kama KVR1333D3N9/4G, ile N inamaanisha havina kusahihisha makosa, na ndivyo unavyovitaka.

Kwa hiyo mwambie muuzaji kwa maneno haya: DDR3 ya mezani, herufi ya mwisho U (yaani isiyo na rejista), chipu za x8. Lebo nzuri itasomeka 8GB 2Rx8 PC3-12800U-11, au 4GB 1Rx8 PC3-12800U-11, au 4GB 2Rx8 PC3-10600U-9. Ikiwa na L, yaani PC3L, chukua bila wasiwasi. Vijiti hivyo vinafanya kazi kwa volti 1.35 na 1.5 pia. Herufi E (ya kusahihisha makosa) na R zikatae. S ni ya laptopu, ni fupi, haitaingia. Na usilipie zaidi kwa ajili ya kasi, kwa sababu i3-2120 inaishia 1333. Ukiweka 1600 itashuka yenyewe na kwenda kwa 1333, hakuna ubaya, lakini hakuna ulichozidisha.

Ile x8 usiichukulie kama nyongeza. Kuna vijiti vya bei ya chini mno vinavyouzwa kwa maelezo kuwa ni vya bodi za AMD pekee. Vina U, havina rejista, pengo ni lilelile, lakini vimetengenezwa kwa chipu za x4 ambazo prosesa za mezani za Intel hazizisomi. Vinatoa skrini nyeusi ileile uliyoiona. Pia, kwa kizazi cha prosesa yako, kijiti cha GB 8 lazima kiwe na chipu 16. Ukiona cha GB 8 chenye chipu 8 upande mmoja tu, kila chipu ina gigabiti 8, na i3-2120 inaishia chipu za gigabiti 4. Vijiti vya kuchezea gemu vilivyofunikwa bati la kupoozea vinaficha yote haya. Kama huwezi kuona chipu wala lebo kamili, viache. Vile vinavyoomba volti 1.65 viache pia.

Sasa uchukue kiasi gani? Kwa kivinjari na Excel, GB 8 zinatosha. Zipate kwa vijiti viwili vya GB 4 vinavyofanana. Bodi yako ina njia mbili za kumbukumbu, kila sloti na njia yake, na vijiti viwili vyenye ukubwa sawa huzitumia zote kwa pamoja. Kwa 1333 kila njia hupitisha takriban GB 10.6 kwa sekunde, hivyo mbili zinakupa 21. Kama hutumii kadi ya picha ya pembeni utaliona hili, kwa sababu ile HD Graphics 2000 iliyo ndani ya prosesa inakopa RAM hiyohiyo. Ukipata kijiti kimoja cha GB 8 kwa bei nzuri, kiweke pamoja na kimoja cha GB 2 ulichonacho: utakuwa na GB 10, ambapo GB 4 za kwanza zitatumia njia mbili na zilizobaki njia moja. Si kitu cha kukunyima usingizi. Wingi wa RAM unashinda njia mbili pale ambapo RAM ndiyo inayokwisha. GB 16 nenda nazo tu ikiwa unaendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) au unahariri picha kubwa.

Na je, ni RAM kweli inayokwisha? Thibitisha kabla ya kutoa hela. Fungua kivinjari na Excel kama kawaida yako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama asilimia za RAM na za diski. RAM ikiwa juu ya 85 na diski imeganda kwenye 100 wakati mashine inakwama, umempata mchawi: Windows inahamisha vitu kutoka RAM kwenda kwenye diski na kuvirudisha, na diski ya kuzunguka haina mbio za kazi hiyo. RAM ikiwa chini ya 60 na diski bado iko 100, hela yako iende kwenye SSD kwanza, yaani diski ya haraka isiyozunguka. Kwa mashine ya rika hili, ikiwa bado ina diski ya kuzunguka, ningeweka GB 8 na SSD ndogo kabla ya kufikiria GB 16.

Biti 32 nazo zinataka uamuzi. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike

wmic os get osarchitecture

likujibu lenyewe kama ni 32 au 64. Prosesa yako ni ya biti 64, hivyo hakuna cha kununua, lakini hakuna njia ya kupandisha Windows ya 32 kuwa ya 64 huku programu zikibaki. Unafuta na kusakinisha upya. Toa nakala ya mafaili yako yote kwenye diski ya nje kwanza, na uifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Leseni ya Windows 10 haina ubaguzi kati ya 32 na 64 mradi toleo ni lilelile. Ila Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi i3-2120. Kwa kuwa unafuta kila kitu hata hivyo, hapa ndipo pa kujiuliza kama Linux ya biti 64, mfumo mwingine badala ya Windows, isingekufaa zaidi, isipokuwa kama Excel yenyewe, si programu ya majedwali yoyote, ndiyo kazi yako. Ukibaki na Windows, sakinisha Office ya biti 64 pia; ile ya 32 ina kikomo chake cha kumbukumbu hata ukiwa na RAM tele.

Kuchomeka kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki kwenye pawa saplai uishe. Wengi huruka hatua hii. Taa ndogo ikiwaka kwenye bodi bado kuna umeme, na kuchomoa RAM ikiwa na umeme ndiyo njia ya haraka ya kuua kijiti, au sloti. Laza kasha juu ya meza, si juu ya zulia. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika RAM, na urudie kugusa kila ukiondoka na kurudi, kwa sababu umeme tuli usiousikia hata kidoleni unatosha kuharibu chipu. Kijiti kishike kwenye kingo zake, si kwenye meno ya dhahabu.

Bana vishikio vya ncha za sloti kwenda nje, kijiti kitainuka chenyewe. Kama ndani ya sloti kuna vumbi, litoe kwa brashi laini kavu au hewa ya kopo. Usiingize mdomo wa plastiki wa mashine ya kufyonza vumbi humo. Unazalisha umeme tuli. Vijiti vilivyotumika mara nyingi vina ukungu juu ya meno: sugua taratibu kwa ufutio mweupe laini, pangusa makombo, malizia kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha kikauke.

Linganisha pengo la kijiti na kizuizi cha sloti kabla ya kukandamiza. Pengo haliko katikati kabisa, hivyo ukikigeuza hakikai, na ukilazimisha utavunja sloti. Kikisimama wima, weka kidole gumba kila ncha ukandamize hadi vishikio vifunge vyenyewe kwa kubofya. Inataka nguvu kuliko watu wanavyotarajia. Bodi itapinda kidogo na hilo si la kukutisha. Halafu inama utazame ule mstari wa dhahabu unaobaki juu ya sloti. Ukiwa umenyooka na kuwa sawa ncha zote mbili, kimeingia. Ukiwa mnene upande mmoja, hakijaingia, na hicho ndicho chanzo namba moja cha "RAM mpya haifanyi kazi". Baadhi ya bodi zina kishikio upande mmoja tu, upande wa pili ni mfereji usiosogea, na ndiko kijiti hupenda kubaki juu.

Ukiwasha mara ya kwanza, mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara moja au mbili ikizoea RAM mpya. Ipe dakika moja kabla ya kukata tamaa. Ikilia tena, usibadili vitu viwili kwa wakati mmoja. Weka kijiti kimoja kipya kwenye sloti ya kwanza, jaribu. Hamishia ya pili, jaribu. Kisha kijiti cha pili vilevile. Kikikataa sloti zote mbili wakati cha zamani kinakubali zote mbili, ni kijiti. Vijiti vyote vikikataa sloti moja, ni sloti au njia yake, na mara nyingi kwa prosesa za soketi hii kosa liko chini ya prosesa: pini iliyopinda kwenye soketi, au feni ya prosesa iliyokazwa skrubu upande mmoja kuliko mwingine. Legeza feni, ifunge upya kwa kupishana pembe, kabla ya kulaumu bodi.

Vijiti vya GB 4 vikikubali na cha GB 8 sahihi kikikataa, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika kadhaa uirudishe, ili BIOS isahau mipangilio ya zamani. Ikishindikana, tazama kwa mtengenezaji wa bodi kama kuna BIOS mpya inayotaja kuboresha RAM. Kuisasisha kunafanyika ukiwa na RAM ya zamani ndani na umeme wa uhakika, kwani umeme ukikatika katikati bodi inaweza isiwake tena. Na ikiwa siku moja mashine haitoi hata mlio, toa RAM yote uiwashe ikiwa tupu. Bodi nzima yenye spika inapaswa kulalamika. Ikinyamaza kimya bila RAM, RAM siyo kesi yako.

Ikishawaka, rudi kwenye dirisha la amri:

wmic memorychip get capacity,speed,partnumber

Ukubwa unakuja kwa baiti, kwa hiyo 4294967296 ni GB 4 na 8589934592 ni GB 8. Hapo unaona kila kijiti kwa mstari wake, na namba ya kiwandani ya kulinganisha na ile uliyoambiwa dukani. Kama Windows tayari ni ya biti 64 na bado inasema inayotumika ni GB 3 na kitu, fungua msconfig, nenda sehemu ya kuwasha, mipangilio ya ziada, hakikisha kisanduku cha kikomo cha juu cha kumbukumbu hakina alama. Baadhi ya bodi zina pia kipengele cha kuhamisha anwani za kumbukumbu kwenye BIOS; kiwe kimewashwa. Pungufu ya megabaiti kadhaa ni ya picha, iache.

Mwisho ijaribu RAM kabla muda wa kurudisha haujapita. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uiache mizunguko miwili kamili, ikibidi usiku kucha. Kosa moja ni kosa; hakuna kiasi kinachovumilika. Likitokea, rudia kijiti kimoja kimoja. Usipotaka flashi, andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows uanzishe kipimo kilichomo, ingawa hicho ni chepesi na hupitisha vijiti ambavyo Memtest86+ huvinasa.